Kulea Mimba si Kazi, Kazi Kulea Mwana: Je, Wanaopinga Utoaji Mimba Wanabaki na Mama Akishajifungua?

Safari hii tunawaletea historia ya mbali kidogo, ya Marekani. Vumilieni mpaka mwisho, mtaona inavyofika hadi hapa kwetu.

Ilianza hivi. Jumamosi moja tulikuwa na mafunzo ya afya ya uzazi. Mwezeshaji alipoondoka, tukabaki kwenye mabenchi tunabishana. Mmoja wetu akasema: "Hawa watu wanaopinga kutoa mimba wanampenda mtoto akiwa tumboni tu. Akishatoka, shauri yake." Mwenzetu ambaye baba yake ni mchungaji akakasirika: "Usiseme hivyo. Dada yangu alipojifungua, nani alileta nguo za mtoto na sabuni? Si kanisa?" Yule wa kwanza akajibu: "Kanisa lilileta siku moja. Mtoto anakula kila siku."

Mama anayeuza mandazi pembeni alikuwa anasikiliza. Akacheka tu, akasema: "Watoto wangu, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana."

Basi tukaamua kusoma badala ya kupigiana kelele. Tulichagua Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, huko ugomvi huu umekuwa bungeni kwa zaidi ya miaka 50, na kura zimeandikwa: nani alisema ndiyo, nani alisema hapana. Pili, sehemu kubwa ya msaada uliotulisha na kututibu sisi wakimbizi ilitoka huko, na wanasiasa wanaobishana kuhusu mimba ndio haohao wanaopitisha bajeti.

Tukajiwekea sharti moja. Hatutachungulia mioyo ya watu, hiyo ni kazi ya Mungu. Tutaangalia siku ambazo mtoto na pesa vilikutana kwenye mswada mmoja, kisha tuone nani alisimama wapi.

Mwanzo: walikuwa watu wa misaada

Jambo la kwanza lilitushangaza. Leo ukisikia "mpinzani wa utoaji mimba" Marekani, unafikiria chama cha Republican, chama kinachotaka serikali itumie pesa kidogo. Lakini mwanzoni haikuwa hivyo. Kabla ya hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya tarehe 22 Januari 1973, iliyofanya utoaji mimba kuwa haki ya kikatiba nchi nzima, wengi katika harakati hiyo walikuwa Wakatoliki, na Wakatoliki wengi walikuwa wafuasi wa chama cha Democratic. Walikua wakiamini kwamba serikali ina wajibu kwa maskini.

Mchukueni Sargent Shriver. Ndiye aliyeongoza vita dhidi ya umaskini vya Rais Lyndon Johnson kuanzia 1964. Chini yake ilizaliwa Head Start mwaka 1965, mpango wa shule za awali kwa watoto wa familia maskini ambao upo mpaka leo. Mwaka 1972 aligombea umakamu wa rais kwa tiketi ya Democratic. Na huyo Shriver alipinga utoaji mimba. Kwake yeye hayo yote yalikuwa kitu kimoja: mtoto alindwe tumboni, na akizaliwa apate shule.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia waajiri kumfukuza au kumnyima haki mwanamke kwa sababu ni mjamzito. Waliosukuma sheria hiyo walikuwa vyama vya wafanyakazi, watetezi wa haki za wanawake, na pamoja nao shirika moja la wapinzani wa utoaji mimba, American Citizens Concerned for Life. Hoja yao ilikuwa rahisi: mwanamke akijua atafukuzwa kazi kwa sababu ya mimba, unategemea afanye nini?

Kwa hiyo yule mwenzetu aliyesema "tumboni tu" alikosea kuhusu mwanzo wa historia hii.

Ndoa na chama

Halafu mambo yakabadilika. Mwaka 1976 mbunge mmoja wa Republican kutoka Illinois, Henry Hyde, alileta kifungu kinachokataza fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba kwa wanawake wanaotumia Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa maskini. Kifungu hicho kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Mwaka 1979 mhubiri Jerry Falwell alianzisha Moral Majority, Waprotestanti wa kiinjili wakaingia kwenye siasa kwa wingi, na mwaka 1980 Ronald Reagan akashinda urais. Reagan alikuwa na ahadi mbili kwa pamoja: kupinga utoaji mimba na kupunguza matumizi ya serikali. Mwaka 1981 bajeti yake ilikata misaada kwa familia maskini na chakula cha watoto shuleni.

Hapa ndipo harakati ilipofunga ndoa na chama. Na ndoa, kama mnavyojua, unaoa pamoja na madeni. Aliyetaka sheria ya kulinda mimba alijikuta anampigia kura mtu anayekata maziwa ya mtoto.

Wengine waliiona hatari hiyo mapema. Desemba 1983 Kardinali Joseph Bernardin wa Chicago alitoa hotuba katika Chuo Kikuu cha Fordham, New York. Alifundisha kwamba kutetea uhai ni vazi moja lisilo na mshono. Anayemtetea mtoto asiyezaliwa lazima aonekane vilevile anapotetewa mwenye njaa, asiye na nyumba, mgeni asiye na karatasi. Kumbe hata sisi tulikuwemo kwenye hotuba hiyo.

Siku za mtihani

Sasa tuangalie mitihani mitatu.

Mtihani wa kwanza ni likizo ya uzazi. Mswada wa kumpa mfanyakazi wiki 12 za likizo akijifungua au akiuguza mtu wa familia ulipita bungeni mara mbili, na Rais George H. W. Bush, aliyekuwa mpinzani wa utoaji mimba, akaukataa mara mbili, mwaka 1990 na 1992. Lakini Henry Hyde, yuleyule wa kifungu cha 1976, aliuunga mkono. Ulikuja kuwa sheria mwaka 1993, wakati wa Bill Clinton. Na hata hiyo sheria ni likizo isiyolipwa. Mpaka leo Marekani haina sheria ya taifa inayomlipa kila mama likizo ya uzazi.

Mtihani wa pili unatugusa sana. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey lilipitisha kanuni kwamba mama anayepokea msaada wa serikali akizaa mtoto mwingine, pesa haiongezwi. Watoto ni watatu, lakini hesabu inabaki ya wawili. Majimbo mengine mengi yakaiga. Sisi tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo. Mwenzetu mmoja alijifungua, na mtoto wake alikaa miezi minne bila kuingizwa kwenye kadi ya chakula. Miezi minne mgao wa watu watatu uliliwa na wanne. Hakuna aliyemwambia mtoto huyo hatakiwi. Lakini kwenye karatasi hakuwepo.

Nani alipinga kanuni ile? Maaskofu Wakatoliki waliipinga. Shirika kubwa la wapinzani wa utoaji mimba, National Right to Life, liliipinga, kwa hofu kwamba mama maskini atasukumwa kutoa mimba. Mbunge Chris Smith wa New Jersey, Republican na mpinzani mkubwa wa utoaji mimba, aliipinga. Na upande wa pili, watetezi wa haki ya kutoa mimba nao waliipinga, kwa sababu inamwingilia mwanamke katika uamuzi wa kuzaa. Maadui wa miaka yote walijikuta kwenye benchi moja.

Lakini Agosti 1996 sheria kubwa ya kubadilisha misaada ya familia ilipopita, kila jimbo liliachiwa liamue lenyewe kuhusu kanuni hiyo. Sheria hiyo ilifuta haki ya msaada iliyokuwepo tangu 1935, ikaweka muda wa mwisho wa kusaidiwa. Wabunge wa Republican, wengi wao wapinzani wa utoaji mimba, karibu wote waliipigia kura ya ndiyo. Maaskofu walipiga kelele, hawakusikilizwa. Tuseme ukweli wote lakini: aliyeitia saini ni Clinton, Democratic, mtetezi wa haki ya kutoa mimba. New Jersey ilifuta kanuni yake mwaka 2020, miaka 28 baadaye. Mtoto aliyeanza nayo alishakuwa mtu mzima.

Mtihani wa tatu ni afya ya watoto. Mwaka 1997 seneta Orrin Hatch wa Utah, Republican anayepinga utoaji mimba, alishirikiana na Edward Kennedy wa Democratic kuanzisha bima ya afya ya watoto, iliyolipiwa kwa kodi ya sigara. Mwaka 2002 serikali ya George W. Bush iliruhusu bima hiyo imhesabu hata mtoto aliye tumboni, na kwa njia hiyo wajawazito wengi wasio na vibali vya kuishi nchini walipata kliniki. Lakini mwaka 2007 Bunge lilipotaka kuipanua bima hiyohiyo, Bush huyohuyo aliikataa mara mbili.

Mnaona? Jibu la ndiyo au hapana halitoshi. Kuna waliofaulu mtihani, kuna waliofeli, na kuna waliofaulu asubuhi wakafeli jioni.

Baada ya 2022

Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ilifuta Roe, katika kesi iliyotoka jimbo la Mississippi. Sasa majimbo yakawa huru kupiga marufuku utoaji mimba. Yale maneno "sisi tunawapenda wote wawili, mama na mtoto" yakaletewa bili.

Mississippi yenyewe, mama maskini alikuwa anapata bima ya serikali siku 60 tu baada ya kujifungua. Mwaka 2022 mswada wa kuongeza muda ufike mwaka mzima ulikufa bungeni. Machi 2023 ulipita, na gavana Tate Reeves akasema hii ni sehemu ya kutetea uhai. Texas nayo ilifanya hivyo mwaka huohuo. Hiyo ni hatua, tusiidharau, kwa sababu wanawake wengi hufa au huugua miezi baada ya kujifungua. Lakini majimbo yote mawili yaliendelea kukataa kuipanua Medicaid ifikie watu wazima maskini kwa ujumla. Yaani mama analindwa miezi 12, kisha anarudi alipokuwa.

Kuna mfano mmoja wenye tarakimu zinazoumiza. Mwaka 2021 Marekani ililipa familia posho ya mtoto, mpaka dola 3,600 kwa mwaka kwa mtoto chini ya miaka 6, na dola 3,000 kwa wakubwa. Kwa kipimo kinachohesabu misaada, umaskini wa watoto ulishuka mpaka asilimia 5.2. Posho ikaachwa ife mwisho wa mwaka. Mwaka 2022 umaskini ukarudi asilimia 12.4. Hakuna mbunge hata mmoja wa Republican aliyepigia kura sheria iliyoleta posho hiyo. Seneta mmoja wa Republican, Mitt Romney, alipendekeza mpango wake wa posho ya kila mwezi, lakini wenzake wengi hawakumfuata. Na aliyezuia posho isiendelee alikuwa Joe Manchin, Democratic, ambaye naye anasema anapinga utoaji mimba.

Hoja ya wakataaji tuitaje kwa haki. Wanasema msaada bila kazi unavunja familia, na kwamba anayetakiwa kumsaidia jirani ni kanisa na jirani mwenzake, si ofisi ya serikali. Na kweli makanisa yao yana vituo vingi vinavyotoa pampasi, nguo na ushauri bure kwa wajawazito. Hatuwacheki. Sisi pia tumevaa nguo za makanisa. Ila sisi wakimbizi tunajua vizuri tofauti ya hisani na mgao. Hisani inakuja mgeni akija. Mgao una tarehe, una kadi, na ukikosekana una mahali pa kwenda kuuliza.

Tena kuna nchi iliyoonyesha kwamba si lazima kuchagua. Poland, mwaka 2016, serikali ya chama cha Sheria na Haki, inayopinga utoaji mimba, ilianza kulipa zloti 500 kila mwezi kwa kila mtoto kuanzia wa pili, na mwaka 2019 ikafikia kila mtoto. Pesa ilitoka kweli. Oktoba 2020 mahakama ya katiba ilibana utoaji mimba zaidi, na maelfu kwa maelfu ya wanawake waliingia barabarani. Kwa hiyo hapo tulijifunza mambo mawili. Anayepinga utoaji mimba anaweza kulipa akitaka. Na kulipa peke yake hakumalizi swali la nani anaamua kuhusu mwili wa mwanamke.

Inavyofika kwetu

Sasa tunarudi nyumbani. Mwaka 1984, kwenye mkutano wa idadi ya watu uliofanyika Mexico City, serikali ya Reagan ilitangaza kwamba shirika la nje linalopokea pesa za Marekani za uzazi wa mpango halitaruhusiwa kutoa mimba wala kushauri kuhusu jambo hilo, hata kwa pesa zake nyingine. Tangu hapo rais wa Democratic akiingia anaifuta kanuni, wa Republican akiingia anairudisha. Mwaka 2017 ilipanuliwa ikagusa karibu misaada yote ya afya. Januari 2025 ilirudi tena.

Lakini Henry Hyde yuleyule ndiye aliyepeleka bungeni, mwaka 2003, mswada wa mpango wa Rais Bush dhidi ya UKIMWI, PEPFAR, dola bilioni 15 kwa miaka mitano. Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zilikuwa kwenye orodha ya kwanza. Dawa za kumkinga mtoto asizaliwe na virusi zilifika mpaka kliniki za vijijini. Serikali ya Marekani inakadiria kwamba mpango huo umeokoa maisha ya watu zaidi ya milioni 25. Watoto wengi waliosoma na sisi wana mama zao kwa sababu ya sheria aliyoiandika mpinzani wa utoaji mimba. Hilo nalo lazima lisemwe kwa sauti.

Na lisemwe la upande wa pili pia. Mwaka 2023 Chris Smith, ambaye zamani aliutetea mpango huo, alikataa kuuongeza miaka mitano, akidai pesa zinafika kwa mashirika yanayotetea utoaji mimba. Bush mwenyewe alijitokeza kuomba uongezwe. Mwishowe, Machi 2024, ulipewa mwaka mmoja tu. Januari 2025 misaada ya nje ikasimamishwa, na hapa kwetu hatuhitaji kuwaeleza kilichofuata.

Julai 2025 ikaja sheria moja kubwa huko Marekani. Ndani yake kuna dola 1,000 za akiba kwa kila mtoto raia anayezaliwa kuanzia 2025 mpaka 2028. Kuna kifungu cha kuzuia kwa mwaka mmoja pesa za Medicaid kwenda kwa shirika kubwa linalotoa mimba. Na humohumo kuna kupunguzwa kwa Medicaid, na kuondolewa kwa wakimbizi kwenye msaada wa chakula wa serikali mpaka wapate ukaazi wa kudumu. Ndugu zetu waliosafirishwa kwenda huko, wanaofika na mifuko ile ya plastiki, imewagusa. Maaskofu Wakatoliki walishukuru kwa kifungu cha utoaji mimba na wakalaumu kukatwa kwa chakula na matibabu. Miaka yote hii wao wamesimama palepale, na miaka yote hii chama kimewasikiliza nusu.

Tulivyokubaliana

Jumamosi iliyofuata tulikaa tena kwenye mabenchi. Hatukukubaliana kuhusu utoaji mimba wenyewe, na hatukulazimishana. Lakini tulikubaliana haya.

Yule wa kwanza aliondoa neno "tumboni tu". Alikubali kwamba wapo wanaopinga utoaji mimba ambao walipigania likizo, bima, chakula na dawa, na wengine walilipa gharama kwenye chama chao. Na mtoto wa mchungaji akakubali kwamba watu hao, tangu 1980, mara nyingi walishindwa ndani ya nyumba yao wenyewe. Ilipobidi kuchagua kati ya chama na posho ya mtoto, wengi walichagua chama.

Tukakubaliana pia kwamba swali hili lisiwe rungu la kumpiga mtu kanisani au kwenye mafunzo. Liwe swali la kumuuliza kila anayekuja kutuhubiria, wa upande wowote: mswada wa mtoto ulipokuja, wewe na chama chako mlipiga kura gani? Nanyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkija kutufundisha kuhusu mimba, njooni pia na jibu la kadi: mtoto akizaliwa leo, ataingia lini kwenye mgao?

Mama wa mandazi alituuliza tumefika wapi. Tukamweleza yote, kuanzia Shriver mpaka 2025. Akasikiliza mpaka mwisho, akamenyea mtoto wa mwenzetu andazi lililobaki, akasema mtoto huyu ameanza kutembea, mmtafutie viatu.